Mguu Kiwandani, Mguu Shambani

Kabla Mwanza haijapata kiwanda hata kimoja, jasho la kiwandani lilikwisha kufika ziwani likiwa limefungwa kwenye marobota. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alipoliona ziwa kutoka kilimani karibu na Mwanza ya leo, msafara wake ulikuwa unaishi kwa merikani. Kitambaa hicho cheupe kisichotiwa rangi kilikuwa fedha ya njia nzima kutoka pwani. Watemi walilipwa hongo kwa merikani, mtama na kuku vilinunuliwa kwa merikani, na ujira wa mpagazi ulipimwa kwa mikono ya merikani.

Kilifumwa Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakitia nanga Unguja tangu kabla Marekani haijatiliana mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na katika viwanda vya nguo vya jimbo lile kazi ilifanywa kwa sehemu kubwa na wasichana. Mji wa Lowell ndio unaojulikana zaidi. Mabinti wa wakulima wa Vermont na New Hampshire waliajiriwa huko, wakalazwa kwenye mabweni ya kampuni, wakaamshwa kwa kengele kungali giza, wakasimama mbele ya mashine saa 12 hadi 13 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mwaka 1834 mshahara ulipopunguzwa, waligoma. Mwaka 1836 malipo ya bweni yalipopandishwa, waligoma tena.

Walipata wapi ubavu huo, mabinti wa miaka 16 na 20 wasio na kura? Kwa baba. Aliyechoshwa na kiwanda alifunga sanduku lake akarudi kukamua ng'ombe. Wenye viwanda walilijua hilo vizuri, na miaka ya 1840 Waairishi waliokimbia njaa kwao walipoanza kumiminika, hatimaye walipata watu wasio na pa kurudi. Mashine zikaongezwa kasi, kila mtu akapewa nyingi zaidi za kusimamia, na mshahara haukupanda kwa kiasi hicho.

Nimeanza mbali makusudi. Anayetaka kuelewa hali ya kazi katika viwanda vya ukanda wetu wa ziwa, tangu mashine za pamba hadi za sangara, asianze na aina ya mashine wala jina la mwenye mali. Aulize kwanza: mtu huyu akiacha kazi leo, kesho atakula nini?

Jinari

Pamba ya biashara iliingia Usukuma wakati wa Wajerumani, ambao wenye viwanda vya nguo wao walikuwa wamechoka kuitegemea Marekani. Waingereza walioitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na hofu hiyohiyo. Lancashire, kitovu cha viwanda vyao vya nguo, ilikuwa haijasahau miaka ya 1861 hadi 1865, Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe na viwanda vya Uingereza vikasimama kwa kukosa pamba. Mwanzoni mzigo wa Mwanza ulikwenda kwa meli hadi Kisumu, kisha kwa reli hadi Mombasa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, na Dar es Salaam nayo ikapata njia.

Kati ya shamba na meli ilisimama jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba. Ililazimika kuwa karibu na mkulima kwa sababu ya uzito. Theluthi moja tu ya pamba inayotoka shambani ni nyuzi, na karibu yote inayobaki ni mbegu. Robota moja la nyuzi ni ratili 400 za zamani, kilo 181, na kulipata inabidi kuchambua zaidi ya nusu tani. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelipa nauli ya mbegu hadi Liverpool. Ndiyo maana mapinduzi ya viwanda ya Usukuma hayakuanzia mjini. Yalianzia porini, kwenye jengo refu la bati lililozungukwa na mashamba ya watu, mara nyingi likimilikiwa na mfanyabiashara wa Kihindi, na injini iliyosikika vijiji kadhaa.

Ndani, kazi ya kwanza ilikuwa ya mgongo. Makuli walibeba pamba kutoka bohari na kuipandisha mpaka kwenye mashine, siku nzima. Mashine zenyewe zilipangwa safu. Kila moja ilikuwa na rola iliyovishwa ngozi ngumu, na kisu kilichobanwa dhidi yake. Rola inazivuta nyuzi, kisu kinaizuia mbegu isipite, na kisu cha pili kinachopanda na kushuka kwa kasi kinaigonga ile mbegu mpaka iachie. Mbegu zinadondoka chini kama mvua ya mawe, nyuzi zinatoka mbele kama blanketi jepesi. Vijana wanalikusanya blanketi hilo na kulipeleka kwenye shinikizo, ambako linakandamizwa mpaka linakuwa gumu kama gogo, linavishwa juti na kufungwa pau za chuma.

Safu nzima iliendeshwa na injini moja, kupitia mhimili mrefu na mikanda mipana iliyozunguka bila kikomo. Mikanda hiyo ndiyo iliyoogopwa. Mtu aliyevaa shuka linaloning'inia alihitaji kuteleza mara moja tu. Moto nao ulikuwa tishio la kila saa: kijiwe au kipande cha chuma kilichojificha ndani ya gunia kikigonga kisu hutoa cheche, na pamba iliyofumuliwa hushika moto upesi kuliko nyasi za kiangazi. Vumbi halikuwa tishio, lilikuwa hali ya hewa ya humo ndani. Jioni watu walitoka na nyusi nyeupe.

Vumbi la pamba lina ugonjwa wake wa mapafu, na ugonjwa huo una tabia ya ajabu. Kifua hubana zaidi siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha hulegea kadiri wiki inavyosonga. Mgonjwa hujiona anapona wakati anaharibika. Wafanyakazi wa Lancashire waliufahamu kwa Jumatatu zake kwa vizazi kadhaa kabla serikali yao haijaukubali kuwa wa kulipiwa fidia. Hapa kuli wa Usukuma alikuwa na kinga moja ambayo mwenzake wa Lancashire hakuwa nayo: msimu uliisha. Pamba hupandwa karibu na Novemba na Desemba, huvunwa kiangazi, jinari huunguruma miezi michache, kisha hunyamaza. Ugonjwa ule ukiwa bado mchanga hupoa mtu akiondoka kwenye vumbi. Jembe lilimrudishia mapafu yake.

Msimu ulimpa na jeuri kidogo. Kijana wa Kisukuma wa miaka ya 1930 na 1940 hakuwa na mlango mmoja tu. Angeweza kulima pamba yake mwenyewe. Angeweza kujiandikisha manamba akapelekwa kwenye mkonge wa Tanga, au kwenda kwenye dhahabu ya Geita, au, baada ya 1940, kwenye almasi ya Mwadui. Jinari iliyashinda hayo yote kwa jambo moja, kwamba ilikuwa karibu na nyumbani. Na kiangazi ndio wakati wa ngoma, Bagika na Bagalu wanaposhindana kwa nyimbo, mbwembwe na dawa. Kijana aliyebeba magunia mchana aliweza usiku kuwa uwanjani. Nyapara aliyezidisha ukali alijua kwamba mtu wa namna hii hana haja ya kuomba ruhusa ili aondoke.

Sheria ilijaribu kumfunga. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 iliifanya hatua ya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai, si ugomvi wa kawaida kati ya watu wawili. Kazi nyingi nchini zilikwenda kwa kipande, kadi ya siku 30: siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, siku uliyougua haikuhesabika, na fedha ilipatikana kadi ikijaa.

Shamba lilikuwa na upande wake wa pili pia, na hapa ndipo ninapoona chanzo cha mengi yaliyofuata. Waajiri na serikali ya kikoloni kote Afrika Mashariki walikadiria mshahara kama kwamba Mwafrika ni kapera. Mke, watoto na wazee walichukuliwa kuwa wanalishwa na ardhi. Nyumba ya kuli haikuwa na haja ya kutosha familia kwa kuwa familia iko kijijini. Pensheni ya nini, na uzeeni atarudi kulima? Kwa maneno mengine, mke aliyekuwa akipalilia mtama Magu au Kwimba alikuwa anachangia gharama za uendeshaji wa jinari, wala jina lake halikuandikwa kwenye daftari lolote. Uhuru wa kuondoka ulilipiwa kwa mshahara wa nusu mtu.

Ugomvi mkubwa wa jinari haukuwa kwenye mashine. Ulikuwa nje, kwenye mizani. Mkulima alifika na pamba yake, karani wa mnunuzi akasoma uzito, na mkulima asiyejua kusoma mshale alipokea alichoambiwa. Karani huyohuyo ndiye aliyesema kama pamba ni safi au ni fifi, na bei zilitofautiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe pembeni ya mizani ya mnunuzi. Kutokana na vuguvugu hilo, likiongozwa na Paul Bomani aliyekuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, kilizaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, uliojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU. Ndani ya miaka michache ununuzi wote wa pamba ya jimbo ulikuwa mikononi mwao, na kuanzia 1956 wakaanza kumiliki jinari zao wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya marobota 400,000 kwa mwaka, sehemu kubwa mno ikitoka ukanda huu.

Habari za VFCU zimeandikwa sana, na zinastahili. Ila zinaishia mlangoni mwa jinari. Mwenye kiwanda sasa alikuwa mkulima, na faida ya mkulima ilitegemea gharama ndogo ya kuchambua. Kuli alibaki wa msimu. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 ilikwisha kudai mikanda na magurudumu yazungushiwe kinga na wakaguzi waruhusiwe kuingia, lakini jinari zilitawanyika kutoka Geita hadi Shinyanga, na mkaguzi alifika pale barabara ilipomfikisha.

Zamu ya usiku

Mwaka 1968 ulikuja mgeni wa namna nyingine. Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza, kilianza kazi katika mwaka uleule ambao kiwanda kingine cha nguo, Urafiki, kilifunguliwa Dar es Salaam. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipenda kuvilinganisha viwili hivyo. Urafiki ilijengwa kwa msaada wa Wachina, na mashine zake zilihitaji mikono mingi. Mwatex ilijengwa kwa utaalamu na mikopo kutoka Ufaransa, kwa mashine za kisasa zaidi zilizohitaji watu wachache kwa kila mita ya kitambaa, na vipuri vya fedha za kigeni. Mabishano juu ya ipi ilikuwa busara zaidi yalijaza vitabu. Kwa mtu aliyesimama ndani, tofauti kubwa zaidi ilikuwa kati ya Mwatex na jinari.

Jinari ilifuata mvua. Mashine zilizonunuliwa kwa mkopo haziruhusiwi kulala, kwa sababu riba hailali. Kazi ilikwenda kwa zamu, usiku na mchana, mwaka mzima, Novemba ikiwamo. Kwa mara ya kwanza kazi ya mashine ilimtaka Msukuma achague: wiki ya mvua za kwanza, ndugu zake wote wakiwa wameinama mashambani, yeye ama yuko zamu ama hana kazi. Waliokuja kutoka Misungwi na Sengerema wakiwa na nia ya kufanya kazi miaka miwili wanunue ng'ombe walijikuta wanapanga vyumba Mabatini na Igogo, kwenye nyumba zilizopachikwa katikati ya mawe. Sensa ya 1967 iliikuta Mwanza na watu wapatao 35,000. Ile ya 1978 iliukuta mji umepita 100,000.

Chumba cha kusokotea na chumba cha kufumia vina taabu tofauti. Kwenye kusokota, uzi hukatika ovyo hewa ikiwa kavu, kwa hiyo hewa hutiwa unyevunyevu makusudi, na mtu hufanya kazi katika joto la bafuni huku akitembea. Anatembea kwelikweli, kilomita nyingi kila zamu, huku na huko mbele ya safu ya vigurudumu, jicho likitafuta uzi uliokatika. Anaukamata kwa kidole gumba na cha shahada, anauunganisha mashine ikiwa inazunguka, anaendelea. Kwenye kufuma, adui ni kelele. Mamia ya mashine za kupitisha uzi zikipiga kwa pamoja, sauti ya mwanadamu haifiki kwa aliye hatua moja. Wafumaji wa Lancashire walijifunza kusomana midomo. Popote penye mashine hizo watu hubuni lugha ya mikono, na popote huzungumza kwa sauti ya juu nyumbani, kwa sababu masikio yamekwisha kupungua bila wenyewe kujua.

Katika viwanda vingi vya nchi hii ilikuwa desturi kuwapa wafanyakazi wa sehemu za vumbi maziwa, ati yasafishe kifua. Maziwa hayaendi mapafuni. Yanakwenda tumboni, na kwa mtu mwenye njaa si jambo baya. Lakini kama kinga ya vumbi yalikuwa rahisi mno kulinganishwa na feni za kufyonza hewa, na sidhani hesabu hiyo ilifanywa kwa bahati mbaya.

Hata hivyo nisiwadhulumu walioijenga Mwatex. Mfanyakazi wake aliingia akiwa na vitu ambavyo kuli wa jinari hakuwahi kuviota. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 ilikuwa imemnyang'anya mwajiri uwezo wa kufukuza mtu kwa hasira ya asubuhi. Palikuwa na kanuni za makosa na adhabu, na kamati ya wafanyakazi ya kusikiliza. Mwaka huohuo ulianzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, na kwa mara ya kwanza uzee wa mtu wa kiwandani ulikuwa na fungu nje ya shamba. Palikuwa na likizo, matibabu, kantini. Mshahara ulitosha mtu kuoa na kukaa na mkewe mjini. Karibu wote walikuwa wanaume, kinyume kabisa na Lowell.

Bei yake ilikuwa ukimya. Vyama huru vya wafanyakazi, vilivyokuwa vimekisaidia chama cha TANU kuuleta uhuru, vilifutwa mwaka 1964 na badala yake kikawekwa kimoja, NUTA, ambacho viongozi wake wakuu waliteuliwa na Rais. Kugoma kulikwisha kubanwa na sheria ya 1962 kiasi kwamba karibu hakukuwezekana. Kisha Februari 1971 TANU yenyewe ikatoa Mwongozo, uliokemea viongozi wenye kiburi na dharau, na wafanyakazi wakausoma kwa makini kuliko walioutunga walivyotarajia. Kuanzia 1971 hadi 1973 migomo ilizagaa viwandani, mingi ikidai heshima kabla ya fedha: meneja anatukana, meneja aondoke. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimfungia nje mwenye mali mwaka 1973 wakaendesha uzalishaji wenyewe. Serikali ilivumilia pale, ikachoka. Walipojaribu wengine, walipakiwa kwenye magari ya polisi na wengi wakarudishwa vijijini kwao. Hata dola, ilipotaka kumwadhibu mfanyakazi, ilimkumbusha kwamba ana shamba.

Mwatex haikuuawa na wafanyakazi wake. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na kiwanda cha vipuri vya nje na rangi za nje kilisimama na kuanza, kikasimama tena, umeme nao ukikatika, huku pamba yenyewe ikiwa imerundikana kilomita chache tu kutoka hapo. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba iliingia. Miaka ya 1990 mashine zilinyamaza, na ingawa kiwanda kilipata mnunuzi baadaye na kuitwa Mwatex 2001, hakikurudi kuwa kile kilichokuwa. Mpaka leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa nyuzi, kama wakati wa Mjerumani.

Getini

Wakati nyuzi zinakatika, ziwa lilikuwa linatoa kitu kingine. Sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, alifumuka miaka ya 1980 na kuwameza furu walioishi humo kabla yake. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu viliota Mwanza na Musoma, na ndege za mizigo zikawa zinapaa kutoka uwanja wa Mwanza na minofu ya Ulaya.

Hapa hakuna vumbi wala mikanda. Kuna baridi, maji na visu. Samaki anaingia na barafu yake, anapimwa, anaoshwa kwa maji yenye klorini. Mkata minofu anapitisha kisu nyuma ya kichwa, anakiteremsha ubavuni kikifuata mfupa mpaka mkiani, anageuza, anarudia. Aliye hodari hutumia sekunde zisizofika dakika. Mbele yake wengine wanachuna ngozi, wanasafisha mabaki, wanapanga kwenye maboksi, na huko wanawake ni wengi. Wote wamevaa meupe, mabuti ya mpira na kofia, wamesimama zamu nzima juu ya sakafu yenye maji. Klorini inakausha mikono na kuchoma macho. Baridi inatia ganzi vidole, na kidole chenye ganzi hakisikii kisu.

Mifupa na vichwa, mapanki, vilitoka kwa mlango mwingine. Vilinunuliwa, vikaanikwa, vikakaangwa na kuliwa na watu ambao mnofu ulikuwa umewapita bei. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, *Darwin's Nightmare*, iliionyesha dunia nzima mapanki hayo, na Rais Kikwete akaishambulia hadharani mwaka 2006 kwa kulichafua jina la nchi. Ugomvi ukawa juu ya mapanki na madai ya filamu kuhusu silaha kwenye ndege za mizigo. Aliyekuwa ndani, mwenye kisu, hakuzungumziwa sana na upande wowote.

Naye ndiye aliyenivutia, kwa sababu ya mambo yaliyotokea kati ya 1997 na 2000. Umoja wa Ulaya ulifunga soko mara kadhaa: kwa bakteria, kwa hofu ya kipindupindu, kwa habari za samaki kuvuliwa kwa sumu. Kila kufungwa kulirudisha watu nyumbani bila senti. Na kila kufunguliwa kulikuja na masharti. Viwanda viliwekwa vigae, vidimbwi vya kukanyaga dawa mlangoni, vipimo vya joto kila saa, maabara, vyeti vya afya vya wafanyakazi vinavyopaswa kufanywa upya. Wakaguzi waliosafiri kutoka Ulaya waliangalia kucha za mkata minofu kama zimekatwa. Hawakuuliza ameajiriwa kwa mkataba gani. Haikuwa kazi yao, kwa kuwa walitumwa kulinda tumbo la mlaji. Matokeo yake ni sakafu ambazo huenda ndizo safi kuliko zote zilizowahi kuwa katika kiwanda cha ukanda huu, na watu juu yake wanaohesabiwa kwa siku.

Maana kiwanda cha samaki kimerudi kwenye kibarua. Samaki haji kwa ratiba: mbalamwezi inapunguza uvuvi, upepo unazuia mitumbwi, na kwa miaka sasa samaki wenyewe wamepungua. Mwenye kiwanda anabaki na wachache wa kudumu, na wengine wanasubiri getini alfajiri. Gari la samaki likiingia, wanaitwa. Lisipoingia, wanarudi Igogo kwa miguu, na siku hiyo haina malipo. Ni msimu wa jinari uliokatwakatwa ukawa wa siku mojamoja. Tofauti ni kwamba kuli wa 1940 alirudi shambani kwake. Wengi wa wanaosubiri hapa wamezaliwa mjini au wamehamia siku nyingi, wanapanga chumba, wananunua unga kwa kilo na maji kwa ndoo. Mshahara bado unakadiriwa kana kwamba kuna mtu kijijini anapalilia mtama kwa niaba yao.

Sheria ya Viwanda ya mkoloni ilidumu hadi 2003, ilipokuja ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka saa 45 kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Ilipotungwa ilitambua mikataba ya aina tatu: usio na kikomo, wa muda maalumu kwa wataalamu na mameneja, na wa kazi maalumu. Mkata minofu si meneja. Aliyekata minofu katika kiwanda kimoja miaka sita, siku tatu au nne za kila wiki, huhesabiwa kila alfajiri kuwa amekuja kwa kazi maalumu ya leo.

Katika Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, mna mstari ambao vibarua wachache wameusomewa. Mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu ya mwisho, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi hazifiki hata siku sita za saa nane. Karibu kila mzoefu wa getini anazipita.

Inabaki kuzionyesha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha migogoro ya kazi. Daftari la mahudhurio liko kwa mwajiri, malipo ya jioni mara nyingi ni noti mkononi bila hati, na ada ya chama cha wafanyakazi hukatwa kwenye orodha ya mishahara ya mwezi ambayo jina la kibarua halimo. Wakulima wa Bomani walipoitilia shaka mizani hawakungoja serikali. Waliweka mtu wao pembeni, mwenye kalamu na karatasi yake, akaandika kila alichokiona. Daftari dogo la kurasa 48 linauzwa dukani Igogo, na simu karibu kila mtu anayo. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi kilicholipwa, jina la msimamizi wa zamu: mistari mitano kwa siku, kwa miezi mitatu.